Mpishi wa shule aliyeacha kunywa maji ili apate usingizi

Saa nane na dakika ishirini mchana, foleni ya jikoni imekwisha. Sahani za mwisho zimeoshwa na kuanikwa juani, moto umebaki makaa, na Elinipendo Munisi amelala chali ndani ya stoo ya shule, juu ya mkeka. Miguu yake yote miwili ameiinua na kuiegemeza ukutani, juu kidogo ya magunia ya mahindi.

Amevaa soksi nyeusi zinazombana hadi chini ya magoti. Macho ameyafumba, lakini hajalala. Kila baada ya muda anazungusha vifundo vya miguu taratibu, kulia, kushoto, kama alivyofundishwa.

Msichana wa darasa la pili anachungulia mlangoni akiwa na kikombe alichosahau kurudisha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Weka hapo kwenye karai, ukimbie darasani."

Msichana anaweka kikombe na kuondoka bila kushangaa. Wameshazoea. Mwezi wa sita hali haikuwa hivyo.

"Siku ya kwanza waliponikuta hivi walidhani nimekufa," anasema Elinipendo, na tumbo lake linatikisika kwa kicheko. "Mmoja alimkimbilia mwalimu mkuu analia. Mwalimu naye akaja anakimbia. Nikamwambia, mwalimu, mimi niko kazini. Hii nayo ni kazi."

Elinipendo ana umri wa miaka 59. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akipika katika shule hii ya msingi iliyoko kwenye mteremko, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mji mdogo wa Kwa Sadala kuelekea juu mlimani. Wanafunzi wako 412. Saa nne wanakunywa uji, saa saba wanakula makande au ugali na maharage.

Yeye hufika saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ukungu haujatoka kwenye migomba, na kuondoka saa tisa alasiri. Muda huo karibu wote yuko kwa miguu, akikoroga sufuria ambayo mtu mzima anaweza kukaa ndani yake, akichochea kuni, akipakua.

Watu wa hapa humwita Mama Kindness, kwa jina la binti yake mkubwa ambaye ni mwalimu huko Geita. Ni mwanamke mnene kiasi, mwepesi wa mdomo, mwenye mikono iliyojaa alama ndogo za moto. Ukimuuliza habari za kupika atakujibu kwa saa nzima. Ukimuuliza habari za usiku, mpaka hivi karibuni, angebadilisha mazungumzo.

Usiku ndipo shida ilipoanzia.

Yapata miaka miwili iliyopita alianza kuamka mara mbili kwenda haja ndogo, kisha mara tatu. Alidhani ni umri. Mwaka uliofuata zikawa tano, na usiku mwingine sita. Alikuwa akilala saa tatu, na saa nne na nusu tayari ameketi kitandani anatafuta kandambili.

Choo cha nyumba yao kiko mwisho wa kihamba, bustani ile ya migomba na kahawa inayozunguka nyumba. Elinipendo anaujua umbali wake vizuri kuliko mtu yeyote. "Hatua arobaini na mbili," anasema. "Kwenda. Na kurudi ni hizo hizo. Mara sita. Piga hesabu mwenyewe."

Hatua hizo hakuwahi kuzipiga peke yake.

Mume wake, Eliakim Swai, mwenye umri wa miaka 66, alikuwa akiamka naye kila mara. Hakuulizwa wala hakuombwa. Akisikia kitanda kinalia tu, anaingiza mkono chini ya mto, anatoa tochi na kutangulia mlangoni. Kule chooni husimama pembeni, amempa kisogo, akimulika chini ili mkewe aone pa kukanyaga anapotoka.

"Nilimwambia lala, mimi si mtoto," anakumbuka Elinipendo. "Akasema yeye anatoka kumwangalia ng'ombe. Mara sita kwa usiku mmoja! Huyo ng'ombe alikuwa anatushangaa."

Eliakim, mtu mpole anayeongea polepole, anajibu kwa kifupi akiulizwa kuhusu hilo. "Kuna giza kule. Na yeye anaogopa nyoka."

Mambo yangeweza kuendelea hivyo kwa miaka. Lakini mwanzoni mwa Aprili mwaka huu mvua za masika zilishika kweli kweli, na njia ya chooni ikawa utelezi mtupu. Usiku mmoja, safari ya nne, Eliakim aliteleza kwenye gome la mgomba. Alijaribu kujizuia kwa mkono wa kulia. Mfupa wa kiganjani ukavunjika.

Elinipendo alikaa naye hospitalini mpaka asubuhi, mkono ukafungwa plasta ngumu. Njiani kurudi nyumbani, moyoni alikuwa ameamua jambo.

"Nilijiambia, hii ni kwa sababu yangu. Kama kinachotoka ni maji, basi dawa ni kutokunywa maji."

Kesho yake alianza. Asubuhi hakunywa chai. Jikoni, mbele ya moto, jasho likimtiririka, hakugusa kikombe. Priska Massawe, mwenye umri wa miaka 34, ambaye ni msaidizi wake kwa miaka sita sasa, aliona tofauti haraka.

"Zamani tulikuwa na jagi letu la maji, tunakunywa wote wawili," anasema Priska. "Ghafla nikawa nalimaliza peke yangu. Nikimmiminia anasema nitakunywa baadaye. Midomo imekauka, imepasuka. Nikadhani amefunga kwa ajili ya maombi, nikaona aibu kumuuliza."

Jioni akifika nyumbani kiu ilikuwa kali kiasi kwamba alitetemeka. Hapo ndipo alipojiruhusu. Chai ya rangi vikombe vitatu vikubwa, maziwa ya ng'ombe wao, kisha bakuli la kiburu, ndizi na maharage yaliyopikwa kwa magadi, chakula alichokulia tangu utotoni. Alihesabu kwamba mwili uliokaa mkavu mchana kutwa utayameza yote na kuyamaliza.

Haukuyamaliza. Safari za usiku zikawa saba.

Sasa alikuwa akijitahidi kuondoka kitandani bila mumewe kusikia. Alijifunza kukanyaga kwa vidole na kufungua komeo kwa kulisukuma kwa kitambaa. Mara nyingine alifaulu. Mara nyingine alifika uani na kukuta mwanga unamfuata nyuma. Eliakim alikuwa ameshika tochi kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia umening'inia shingoni kwa kitambaa.

"Nililia pale pale kwenye migomba," anasema. "Yeye akasema, twende, mvua inakuja."

Mwishoni mwa Aprili alifariki dada yake mkubwa, Eliona, aliyekuwa ameolewa kijiji cha jirani. Kwa desturi za hapa, wanawake wa ukoo hukaa msibani na kulala hapo hapo siku kadhaa. Wanapika pamoja, na usiku wanajipanga kwenye mikeka sebuleni.

Elinipendo alipika mchana, na ilipofika jioni akaaga. Siku ya pili vile vile, na ya tatu. Alijua hawezi kuruka miili ya shangazi na wifi zake mara saba gizani, wala hawezi kuwaeleza sababu. Alisikia minong'ono kwamba amekuwa na maringo, kwamba dada yake alimlea na bado hawezi kulala hata usiku mmoja kwenye msiba wake.

"Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote," anasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake inashuka. "Eliona ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Nilitaka kulala nyumbani kwake. Nikashindwa kusema tu kwamba, jamani, mimi naamka usiku."

Anapanguza macho kwa kona ya kanga, kisha anaomba radhi, kana kwamba amemwaga kitu.

Katikati ya mwezi Mei, siku ya Jumanne, makande yalikuwa yanachemka. Saa tano na nusu Elinipendo alipanda juu ya tofali analotumia kufikia sufuria vizuri, akashika mwiko kwa mikono miwili. Anachokumbuka ni kwamba aliona mvuke ukigeuka mweusi.

Priska alikuwa anachambua mchicha. Aliona mwiko umesimama, akainua kichwa, akamwona mwenzake akiinamia sufuria taratibu, kama mtu anayetaka kunusa.

"Sikupiga hata kelele," anasema. "Niliruka, nikashika kamba za aproni yake mgongoni, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Tukaanguka wote nyuma. Kama kamba zile zingekatika..."

Mkono wa kushoto wa Elinipendo uliungua kidogo kwenye ukingo wa sufuria, na hilo ndilo lililokuwa jeraha pekee la siku hiyo. Wanafunzi walichelewa kula kwa nusu saa. Mwalimu mkuu, Victoria, alimkalisha ofisini na kumpa maji. Aliyakataa.

Mwalimu Victoria anakumbuka mazungumzo hayo bila furaha. "Nilimwambia, mama, nakupenda, lakini siwezi kukurudisha kwenye moto mpaka daktari aniandikie kwamba uko salama. Kama haiwezekani, itabidi tutafute mtu mwingine. Aliniangalia kama nimempiga kofi. Miaka kumi na tisa, na hajawahi kukosa siku bila ruhusa."

Asubuhi iliyofuata mume na mke walishuka pamoja hadi zahanati. Walipokelewa na tabibu kijana, Rogath Tarimo, mwenyeji wa Rombo, aliyekuwa na mwaka mmoja tu kituoni hapo.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba," aliwasalimu. "Tatizo ni nini?"

"Kichwa," alijibu Elinipendo. "Kizunguzungu tu."

Tabibu alimpima presha akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama. Akavuta ngozi ya mkono wake na kuiachia. Akauliza anakunywa maji kiasi gani. Elinipendo akasema kiasi. Akauliza analala vizuri.

Hapo Elinipendo alitazama kalenda ya ukutani. Eliakim akasubiri, akaona mkewe hatasema, akakohoa.

"Haamki chini ya mara sita, daktari. Mimi ninazijua."

"Baba Kindness!" mkewe alimkemea.

"Tumekuja kusema au kunyamaza?"

Rogath hakucheka wala hakushtuka. Aliinuka kwenye kiti, akapiga goti sakafuni mbele ya Elinipendo na kuomba avue viatu. Akaweka kidole gumba juu ya kifundo cha mguu, akabonyeza, akahesabu moja hadi kumi, akaachia. Shimo likabaki. Lilikuwa na kina cha punje ya hindi, nalo halikuwa na haraka ya kufutika.

"Mama, unaliona hili?" aliuliza. "Hapa ndipo maji yako yalipo."

Kabla ya kueleza zaidi, alitaka uhakika. Miguu inayovimba, anasema, inaweza kuwa dalili ya moyo uliochoka, au figo, au ini, na kukojoa sana inaweza kuwa kisukari. Ndiyo maana mtu hapaswi kujitibu kwa kubahatisha. Alimpa rufaa kwenda kupimwa sukari, figo na moyo hospitali ya wilaya. Pia akampa kazi ya kufanya nyumbani.

Kazi yenyewe ilimfanya Elinipendo atake kuingia chini ya meza. Kwa siku tatu, mchana na usiku, kila anapokwenda haja ndogo alitakiwa kupima kwa jagi lenye alama na kuandika saa na kiasi.

"Nilimwambia, mwanangu, mimi hupima mafuta na chumvi. Hilo sitalipima."

Alilipima. Walinunua jagi la plastiki na ndoo yenye mfuniko, ikawekwa kwenye kona ya chumba nyuma ya pazia, maana kubeba jagi hatua arobaini na mbili kwenye utelezi haikuwezekana. Ndoo hiyo alikuwa ameikataa kwa miaka miwili, akisema ndoo ni ya mgonjwa. Kuandika ikawa kazi ya Eliakim. Alikaa ukingoni mwa kitanda na daftari la shule mapajani, akiandika kwa mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia bado ulikuwa na plasta.

Daftari lipo hadi leo. Mwandiko unapanda na kushuka kama wa mtoto anayeanza shule. *Saa nne na dakika hamsini, mia mbili arobaini. Saa sita na robo, mia mbili na kumi. Saa saba na nusu, mia mbili.* Pembeni ya mstari mmoja ameandika: *Amecheka.*

"Alimwaga wino kwenye shuka," anaeleza Elinipendo. "Mkono wa kushoto! Saa saba ya usiku, wazee wawili na jagi. Nikacheka mpaka nikaogopa majirani watasikia. Nilikuwa sijacheka usiku kwa muda mrefu."

Siku ya nne walirudisha daftari. Majibu ya hospitali nayo yalikuwa yamefika. Sukari ilikuwa sawa, figo zinafanya kazi, moyo ni mzima. Rogath alijumlisha namba na kuwaonyesha. Kwa wastani wa siku moja, Elinipendo alikuwa anatoa mililita 610 mchana wote, na usiku mmoja mililita 1,250. Theluthi mbili ya mkojo wake ilikuwa inasubiri alale.

Kisha akaeleza, na Eliakim anayakumbuka maelezo hayo karibu neno kwa neno, maana alimtaka ayarudie mara mbili.

Maji yakinywewa hayakai tumboni. Yanapita haraka, sehemu kubwa inanyonywa kwenye utumbo mwembamba na kuingia kwenye damu ndani ya muda mfupi. Damu huyasambaza kila mahali, kwenye nyama, ngozi, ubongo. Kiasi fulani huvuja kupitia mishipa midogo kabisa na kukaa katikati ya nyama za mwili, kisha hurudi kwenye damu. Figo huchuja damu usiku na mchana, na ziada huipeleka kwenye kibofu.

Kwa mtu anayetembea, misuli ya mashavu ya miguu hukamua na kuyasukuma maji yaliyoshuka yarudi juu. Kwa mtu aliyesimama mahali pamoja kwa muda wa saa tisa mbele ya sufuria, misuli hiyo imelala. Maji yanashuka na kubaki miguuni. Damu inayopita kwenye figo haina ziada, kwa hiyo mchana mkojo unakuwa kidogo.

"Halafu unalala," Rogath alisema. "Miguu sasa iko sawa na moyo. Maji yote yaliyokaa chini tangu asubuhi yanarudi kwenye damu kwa pamoja. Moyo unahisi damu imezidi, unaziambia figo zitoe. Figo zako hazina kosa, mama. Wala kibofu. Vyote vinafanya kazi yake, ila kwa saa mbaya."

Aliongeza mambo mawili. La kwanza ni umri. Ubongo hutoa kemikali inayoziambia figo zipunguze kazi usiku, nayo hupungua kadiri miaka inavyosogea. La pili ni chumvi, ambayo hushikilia maji mwilini. Mpishi huonja siku nzima. Na magadi ya kwenye kiburu, alisema, nayo ni chumvi kwa jina lingine.

"Na yale maji niliyoacha kunywa?" aliuliza Elinipendo.

"Uliyaacha saa mwili ulipoyahitaji, ukayanywa saa ulipotaka kulala. Maji ya miguuni hayakuweza kukusaidia ukiwa umesimama kwenye moto. Ndiyo maana ulianguka."

Elinipendo akauliza swali moja ambalo tabibu hakulitegemea.

"Kwa hiyo si mimi niliyemvunja huyu mkono?"

Rogath alimtazama Eliakim. Eliakim alikuwa anatazama plasta yake.

"Ni gome la mgomba," alisema mzee. "Nilikwambia siku ile ile."

Maagizo hayakuwa na kidonge hata kimoja. Anywe maji kuanzia alfajiri, kikombe baada ya kikombe, hasa akiwa mbele ya moto, na baada ya saa kumi na mbili jioni apunguze. Chai ya rangi isivuke saa kumi. Chumvi na magadi vipungue. Avae soksi za kubana kabla hajashuka kitandani asubuhi. Na kila siku alasiri, saa kadhaa kabla ya kulala, ainue miguu juu kwa dakika arobaini hivi, ili maji yarudi na kutoka wakati jua bado lipo.

Barua ya tabibu ilifika mezani kwa mwalimu mkuu siku hiyo hiyo. Mwalimu Victoria aliisoma, akatoka nje, akaenda kuukagua mwenyewe ukuta wa stoo kama ni msafi.

Matokeo hayakuja kwa siku moja. Wiki ya kwanza aliamka mara sita kama kawaida, na akataka kuacha. Wiki ya tatu zikawa nne. Kuacha magadi kulikuwa kugumu kuliko soksi. "Kiburu bila magadi ni kama ibada bila wimbo," analalamika. Sasa Eliakim, ambaye mkono wake umepona ingawa hauinuki vizuri, humtilia magadi kidogo sana Jumapili mchana, na wote wawili hujifanya hawajui.

Leo, miezi mitano baadaye, huamka mara mbili. Usiku mwingine mara moja. Tabibu amemwambia kwa umri wake hilo ni la kawaida.

"Sisemi nimepona," anasema Elinipendo. "Nasema nimeelewa. Zamani nilikuwa nauchukia mwili wangu. Nilidhani unanifanyia makusudi."

Mwezi wa nane alikwenda nyumbani kwa marehemu dada yake, akaomba kukaa na wifi na wapwa siku mbili. Alilala sebuleni kwenye mkeka, katikati yao. Kabla ya taa kuzimwa aliwaambia kila kitu, kuanzia jagi hadi wino kwenye shuka. Wifi mmoja alicheka hadi akakohoa, kisha akasema, "Na mimi, jamani. Mara nne." Mwingine akasema tano.

Kumbe minong'ono ile ilitoka kwa watu ambao nao walikuwa wakiamka usiku na kuficha.

Tangu hapo Elinipendo hanyamazi. Amezungumza na wapishi wa shule tatu za jirani, wanawake saba kwa jumla. Wote saba aliwabonyeza miguu kwa kidole gumba, na kwa sita kati yao shimo lilibaki. Wawili kati yao alihisi hali zao ni tofauti, wanahema wakipanda mlima, akawapeleka zahanati mwenyewe. Mmoja ameanzishiwa matibabu ya moyo.

Aligundua jambo lingine pia. Katika majiko yote manne hakuna kiti hata kimoja. Kuna meza, kuna rafu za sahani, kuna magogo ya kuni. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mpishi anaweza kukaa.

Jumamosi hii kuna kikao cha wazazi, na Mwalimu Victoria amempa dakika tano za kuzungumza. Elinipendo anataka kuomba mabenchi mawili kwa kila jiko, moja la kukalia wakati wa kuchambua maharage na jingine pana la kulaza mtu miguu juu. Fundi wa mbao wa kijijini amekubali kuyatengeneza kama wazazi watachangia mbao za mgrevilea, mti ambao karibu kila kihamba kinao.

Hajawahi kusimama mbele ya watu. Alhamisi alasiri, uani kwake, anafanya mazoezi huku Eliakim akikatakata majani ya ng'ombe kwa panga.

"Utaanzaje?" anauliza mumewe.

"Nitawasalimu."

"Halafu?"

"Nitasema miguu ya wapishi inavimba, kwa hiyo tunaomba mabenchi."

Eliakim anafikiri. "Watakwambia kila mtu miguu inavimba."

Elinipendo anakunja kanga yake upya kiunoni. Kisha anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayotumia kuagiza kuni, "Basi nitawaambia nilikuwa naamka kukojoa mara saba, na nikaona aibu, na aibu hiyo nusura inichemshe pamoja na makande ya watoto wao."

Panga linasimama.

"Sema hivyo hivyo," anasema Eliakim. "Na mimi nitakaa mbele kabisa, unione."

"Kaa nyuma, Baba Kindness," anamjibu. "Ukikaa mbele nitakuangalia wewe. Nataka niwaangalie wao."